Leta Mwisho, Nitautengeneza

Marehemu mume wangu ndiye aliyeanzisha mchezo huu, kisha akafa akaniachia mimi. Alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno mengi, na alipenda maafa kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka mwanetu alipoanza shule, mhubiri mmoja alikuwa akipita mtaani na kipaza sauti, akitangaza kwamba dunia inakaribia kwisha na kila mtu ajiandae. Mtoto akagoma kula. Anauliza: kama dunia inaisha, mboga anaimaliza kwa faida ya nani? Hoja ilikuwa nzuri, lakini sikuwa na nafasi ya kuisifu. Nilikuwa na nguo za kupiga pasi.

Baba yake akamwambia, "Ukiona mwisho wa dunia unakuja, usihangaike. Mpelekee mama yako. Yeye anatengeneza vitu."

Ni kweli, natengeneza. Chuoni nilichukua stashahada ya ufundi wa meno, na mpaka leo kazi yangu ni kuwatengenezea watu meno waliyoyapoteza. Nyumbani vilevile: bomba, viatu, mlango unaokwaruza, vyote nimevimaliza mwenyewe, maana fundi umeme hatengenezi cha kwake.

Basi mtoto akaniletea mwisho wake wa kwanza. Jua linazimika. Nikamwambia tutavaa masweta, tutahamia jikoni sote, tutalala tumebanana kama paka. Akafikiri, akala mboga. Kesho yake akaja na mafuriko yanayofunika nyumba zote. Nikamwambia sisi tunakaa ghorofani, watu wa chini watahamia kwetu, kwa hiyo akaoge, tusije tukaaibika. Siku nyingine nyota inaangukia shule. Nikasema itaanguka jioni, shuleni hakuna mtu, na asubuhi ni likizo. Huo aliupenda, akawa anauleta kila akiwa na mtihani.

Sheria zikajitunga zenyewe. Anayeleta mwisho harudi nyuma kuongeza mambo nikishajibu. Jibu likiwa zuri, anasema, "Umeshinda, mama." Nikikosa jibu, dunia imeisha. Haikuwahi kuisha. Mimi sikuwahi kuleta mwisho hata mmoja, wala hakuna aliyenitaka niulete. Kazi yangu ilikuwa kujibu.

Alivyokua na miisho yake ikakua. Sisimizi wa dunia nzima wanafikia makubaliano. Vyuma vyote vinaota kutu siku moja. Huo baba yake alishika kichwa, na mimi nikauliza tu kwani vijiti na kamba vimekwenda wapi. Watu wote wanasahau njia ya kurudi nyumbani. Nikasema kila mtu aingie nyumba iliyo karibu na aoshe vyombo atakavyovikuta. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Alipofariki, watu wakaja, wakala, wakaondoka, tukabaki mimi na kijana wangu sebuleni tukitazama kiti cha baba yake pale dirishani. Hakuna aliyeleta mwisho siku hiyo. Baadaye akapata kazi mbali, kazi ya kutengeneza lifti za majengo marefu, akaoa hukohuko, na akawa ananipigia simu kila Jumapili alasiri.

Mimi si mtu wa simu. Nikishasema ninachotaka kusema, nataka kukata. Yeye naye kachukua kwangu. Tunaulizana hali, mkwe wangu hajambo, mvua imenyesha au haijanyesha, halafu tunakwama kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake. Ndipo mimi husema, "Haya, leta mwisho." Hapo wote tunapata pumzi. Bila mchezo ule simu zetu zingekuwa fupi kama tangazo la maji kukatwa.

Na nisijifanye jasiri. Wiki yangu ilikuwa na siku moja tu. Zilizobaki zilikuwa foleni ya kuifikia. Jumapili nilikuwa naosha sakafu mapema, nabadilisha nguo, nakaa kwenye kiti cha jikoni, simu mezani. Kile cha dirishani sikikalii. Naweka juu yake nguo zilizopigwa pasi, na kwa kuwa siku hizi nguo ni zangu peke yangu, ni mrundo mdogo.

Karakana yetu iko chini ya zahanati ya meno, chumba cha chini kabisa, madirisha yake yanaonyesha viatu vya wapita njia. Tuko wawili, mimi na mwenzangu ambaye wote humwita Mama Nta, kwa sababu mikono yake hainuki kitu kingine ila nta ya kuchongea meno. Daktari akiwa juu anamng'atisha mgonjwa ute mzito unaoganda, ile chapa inaletwa kwetu, tunamimina plasta ndani yake, ikikauka tunapata meno ya mtu yalivyo, taya la juu na la chini. Rafu zimejaa vinywa vya watu. Vyote vimeachama na hakuna hata kimoja kitakachokusalimu.

Katika kazi kama hiyo lazima mtu atafute la kuzungumza, na sisi tuna desturi ya kubashiri. Kabla ya kuangalia ni kinywa cha nani, mmoja anakigeuza chini ya taa na kusema habari za mwenyewe. Huyu anatafuna kalamu. Huyu anafungua chupa kwa meno na umri wake haumruhusu. Huyu anasaga meno usingizini: ana bosi mkorofi, au mama mkwe amehamia chumba cha pili. Mama Nta ni hodari kuliko mimi. Mimi naona ufa, yeye anaona nani kaugonga.

Mwanzo wa mvua kijana wangu alinipigia akasema daktari wa kwao amemwambia anasaga meno usiku, anahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa akilala, na yeye anaona heri itengenezwe na mtu anayemfahamu. Nilifurahi, sifichi. Akatuma kwa basi plasta ya meno yake ndani ya boksi lililojaa magazeti yaliyokunjwakunjwa.

Boksi alilifungua Mama Nta, mimi nikiwa nanawa mikono. Akayatoa, akayapeleka kwenye taa, akaanza kama kawaida yake.

"Huyu si bosi," akasema. "Huyu kaachwa na mtu."

Nikamnyang'anya. "Huyo ni mwanangu," nikamwambia, "na hajaachwa na yeyote. Ana mifupa laini kama ya baba yake."

Mama Nta akaomba radhi, akarudi kwenye nta yake.

Nikayatazama mwenyewe. Magego yalikuwa yamelika kama ngazi za ofisi ya serikali. Chonge, ambazo nazikumbuka zikichomoza na ncha kama za mtoto wa paka, zilikuwa bapa. Nikafanya kile ninachojua. Nikamimina plasta ya pili ya kufanyia kazi ili ya kwanza isiharibike, nikatengeneza kinga, nikaipiga msasa na kuing'arisha mpaka ukaiona taa ndani yake. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaituma kwa basi lilelile. Sikuuliza kitu. Kilicholetwa kwangu ni meno, na meno nilikuwa nimeyamaliza.

Jumapili iliyofuata alisema imemkaa sawasawa. Nikamwambia ningeshangaa isingemkaa. Tukaulizana hali, tukakwama, nikasema haya, leta mwisho.

Alianza neno, akaliacha. Nikadhani anautunga.

"Huu hauna kishindo, mama," akasema. "Watu wanapungua tu. Hakuna maradhi, hakuna vita. Asubuhi mtu anabeba begi lake, anafunga mlango polepole ili usipige kelele, basi. Anayebaki anaendelea kusikia maji bafuni. Anaita kwamba chai tayari. Kumbe hakuna mtu, ni bomba la jirani."

"Mwishoni anabaki nani?"

"Anabaki mmoja."

Jibu lilinijia papo hapo, na nililiona tamu. "Huyo mmoja ana bahati," nikasema. "Nyumba zote ni zake. Achague yenye maji ya moto, alale katikati ya kitanda, na bomba la jirani aende akalifunge mwenyewe, si mlango uko wazi?"

Nikacheka. Nilicheka vizuri, kwa sauti, peke yangu pale jikoni. Naye akatoa pumzi puani, kama kicheko.

"Umeshinda, mama," akasema.

Nilikata simu nimeridhika. Niliona ni jibu zuri kupita yote ya mwaka ule, na nikasikitika kwamba aliyekuwa akicheka mpaka akatoka nje kukohoa hayupo.

Jumapili ya pili simu haikuita.

Si jambo kubwa, mtu ana kazi, lifti hazijui Jumapili. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Jumapili ya baadaye haikuita tena. Nikapiga mimi, ikaita mpaka ikachoka. Nikamwandikia ujumbe, akajibu kwamba hajambo, kazi zimembana, atanitafuta. Neno atanitafuta nalijua. Ndilo tunalowaambia wagonjwa ambao meno yao hayajakauka.

Nikaanza kubuni. Mimi, niliyetumia nusu ya maisha yangu kuiokoa dunia ya watu wengine, nikawa natengeneza miisho njiani kwenda kazini. Amepoteza simu, lakini mbona kajibu ujumbe. Ameumwa. Ameanguka kwenye shimo la lifti na wenzake wanamwandikia mama yake ili asishtuke. Mkwe wangu amemwambia anaongea na mama yake mno kwa mtu mzima. Huo wa mwisho niliushikilia kwa siku kadhaa, maana ulikuwa na mtu wa kulaumiwa. Jumapili nilikuwa bado nabadilisha nguo. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikajiambia mkaa bure si sawa na mtembea bure, nikatoka, nikazunguka mtaa. Watu walikuwa wamekaa vibarazani na watu wao. Nikarudi. Simu haikuwa imeita.

Mwishowe nikampigia mkwe wangu. Ni mwanamke mpole, huongea kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Aliniamkia kwa adabu yake ileile, akaniuliza magoti yanaendeleaje. Nikamwambia magoti yapo, nataka kujua mume wake yuko wapi siku hizi kiasi kwamba hana hata dakika ya kumsalimia mama yake.

Akasema, "Mama, mimi sikai tena pale. Nilihama kabla hujamtengenezea ile kinga."

Nikauliza mbona sikuambiwa.

"Alisema umeshaambiwa," akajibu. "Alisema alikwambia mwenyewe kwenye simu, Jumapili moja. Akasema ulicheka."

Na bado, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaanza. Mmekosana nini hasa, nani mkubwa anayeweza kuwakalisha, mmejaribu kukaa bila kugombana hata wiki moja, nitapanda basi nije. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nakuheshimu sana. Lakini usitutengeneze."

Hakulia, hakupandisha sauti. Akanitakia heri, nami nikamtakia heri, tukaachana kama watu waliouziana kitu.

Kesho yake nilikwenda kazini. Ningekwenda wapi? Kwenye rafu ya chini, nyuma ya vinywa vya wenyewe, kulikuwa na ile plasta ya pili niliyoimimina. Kwa kawaida kazi ikiisha tunaivunja. Hiyo sikuivunja, na sikujiuliza kwa nini. Nikaichukua, nikakutanisha taya la juu na la chini, na yakakaa pamoja kimya kabisa, gego juu ya gego, jinsi alivyokuwa akiyabana peke yake usiku kucha kwenye kitanda cha watu wawili. Yote yalikuwa yameandikwa pale. Mama Nta, ambaye hata hamjui, aliyasoma kwa mara moja. Nami nikaweka plastiki juu yake nikaipiga msasa.

Mama Nta aliniona nimesimama nayo. Alivua aproni, akasema anakwenda kununua chumvi. Chumvi hatuitumii kwa kitu chochote mle karakanani.

Nikapiga simu. Haikuwa Jumapili, ilikuwa katikati ya wiki, saa ya chakula cha mchana, na nadhani ndiyo sababu alipokea haraka.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeleta mwisho."

Upande wa pili nilisikia mashine ikizunguka, kisha mlango wa chuma ukifungwa, kisha kimya. Alikuwa amejitenga mahali.

"Wewe?" akasema. "Wewe huleti."

"Leo naleta. Nyamaza usikilize." Nilikuwa nimepanga maneno, yakanikimbia, nikasema yaliyobaki. "Dunia inaisha Jumapili alasiri. Hakuna nyota, hakuna mafuriko. Mwanamke amekaa kwenye kiti cha jikoni, amevaa gauni zuri, kama vile simu ina macho. Simu haiiti. Basi, ndiyo imeisha hivyo."

"Na watu wengine?"

"Wapo. Wanafua. Wala hawajui kama imeisha."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

"Haya," nikamwambia, "tengeneza."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nimejaribu kila kitu. Siuwezi huu."

Akakaa kimya, na huo ukimya sikuujaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Majibu yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yangu kama watoto mlangoni wakati wa mapumziko, kila moja linasukuma. Uje nyumbani upumzike. Uhame nyumba hiyo. Ule chakula. Nikaibana ile plasta mkononi, taya kwa taya, nikajibana na mimi.

"Sijui, mama," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya yule aliyegoma kula mboga. "Mimi sijui. Namsikia bafuni kila siku. Nimelifunga bomba la jirani, unajua? Ulivyosema. Nilikwenda nikamwomba alifunge. Bado nasikia."

"Nilicheka," nikasema.

"Ulicheka."

"Sikujua ni kweli."

"Sikujua kuisema vingine," akasema. "Nilikaa na simu wiki mbili nikitafuta namna. Tukaulizana mvua, ukasema leta mwisho, nikaona basi, njia ndiyo hii."

Tulikuwa tumejenga nyumba na kusahau mlango, mimi na yeye na baba yake. Sikumwambia hivyo. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mkewe alipenda nini asubuhi. Akaniambia. Kisha akaniambia na mengine, bila mpangilio: alivyokuwa akiimba vibaya akioga, alivyopanga viatu vyake visigusane na vya mtu, jinsi walivyoacha kugombana mwaka jana na yeye akadhani ni amani. Sikujibu hata moja. Nilisema "ee" na "mhu", kama wazee wanavyofanya, na nilikuwa nikidhani ni uvivu wao. Dirishani viatu vilipita vikipungua, watu wakirudi makazini. Mama Nta alichungulia mlangoni na pakiti ya chumvi mkononi, akarudi alikotoka.

Nilipodhani amemaliza, akapenga kamasi, akasema, "Kwa mwisho wako nimepata kipande cha jibu."

"Sema."

"Kiti cha jikoni hakina hata mgongo. Utaumia bure. Hamia kile cha baba. Dunia ikiisha, walau utakuwa unaangalia nje."

Halikuwa jibu. Halikuifanya simu iite, halikumrudisha mtu yeyote. Mchezoni ningelikataa.

"Umeshinda," nikamwambia.

Jioni hiyo niliondoa nguo juu ya kiti cha marehemu, nikakaa. Ni kirefu kuliko nilivyokumbuka, miguu yangu haikugusa sakafu vizuri. Kutoka pale unaona paa la nyumba ya jirani, nyaya za umeme zilizofungwa ovyo, na kipande cha barabara anapotokea mtu anayekuja kwetu. Kumbe muda wote ule marehemu alikuwa akitazama pale. Nikakaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Hakutokea mtu, wala sikuwa nimemtarajia. Mkwe wangu hakurudi, na nadhani hatarudi. Sijamuuliza.

Jumapili simu iliita. Tuliulizana hali, mvua ilikuwa imekatika, tukakwama pale tunapokwama siku zote. Sikusema leta mwisho. Naye hakuleta. Akasema hajala tangu asubuhi, nikamwambia basi ale, mimi nipo. Akaiweka simu mezani, nikasikia sahani, nikasikia kiti kikivutwa, halafu nikamsikia anatafuna.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, sikio langu halidanganyiki. Alikuwa anatafuna upande mmoja tu. Kuna gego linamuuma, la chini, kushoto.

Nikanyamaza, nikamsikiliza mpaka akamaliza kula.